Itajipa au Haijipi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matumaini na Dhana Mbaya

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuweka na kukopa pale mtaa wa Umoja, Nairobi, huu mwaka wa kumi na moja, na asubuhi nauza nguo za watoto soko la Gikomba. Kazi zote mbili ni za kusikiliza watu wakizungumza juu ya kesho. Mmoja ana hakika mambo yatajipa, mwenzake ana hakika yataharibika, na wote wawili wanataka mkopo. Maswali haya huulizwa kikao kikiisha, chai ikiwa mezani. Nimeyajibu kwa niliyoyaona, na kwa niliyoyasoma kutoka kwa wataalamu wa saikolojia.

Nitamjuaje mwenye matumaini na mwenye dhana mbaya?

Usimsikilize, mwangalie mikono. Nairobi hii kila mtu husema "itajipa", hata yule anayetetemeka.

Chukua beli la mitumba. Ni kilo 45 za nguo zilizobanwa kwa mashine na kufungwa, na unalilipia kabla hujaona hata soksi moja. Karatasi ya juu imeandikwa nguo za watoto, basi. Saa kumi na moja alfajiri linakatwa, wanunuzi wa rejareja wamelizunguka, mikono tayari. Zile safi kabisa, kamera, huondoka kwanza kwa bei ya juu. Mwisho hubaki fagia, za kumwaga chini na kuuza shilingi ishirini ishirini.

Jirani yangu wa kulia hukata beli akiwa ameshahesabu kamera arobaini kichwani na ameshaahidi mtu karo. Jirani wa kushoto hukata akinung'unika kwamba hili nalo litakuwa la matambara. Ukiwauliza, utaandika mmoja ana matumaini na mwingine hana. Lakini mnung'unikaji huyu huja na kopo la vifungo na zipu za kurekebishia, na kila Jumatatu hununua beli jingine, miaka yote niliyomjua. Mtu asiyetumaini kitu hanunui beli.

Kwa hiyo mimi huuliza: ni juu ya jambo gani, na amelifanyia nini? Mtu huyohuyo anaweza kuwa na mwanga tele juu ya biashara na giza tupu juu ya ndoa.

Kiswahili kina neno moja la kumwita mtu wa hivyo?

Hakina, na sioni hasara. Wazungu waliyapata maneno yao, "optimism" na "pessimism", karne ya 18 wakibishana kuhusu Mungu. Mwanafalsafa Leibniz aliandika mwaka 1710 kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko wote ambao ungeweza kuwepo. Tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi likaubomoa mji wa Lisbon watu wakiwa makanisani, na ubishi ukachacha.

Sisi tuna maneno mengi yaliyogawana kazi. Kutumaini ni kuegemeza moyo. Kutarajia kuna hesabu ndani yake: natarajia mzigo Alhamisi kwa sababu nimeona risiti. Halafu kuna tamaa, neno linalonishangaza kuliko yote. Tamaa ni uroho. Tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini aliyepoteza matumaini tunasema amekata tamaa, kana kwamba uroho kidogo ndiyo kamba inayomshikilia mtu asianguke. Nimelifikiria hili mara nyingi nikiwa kwenye jamu ya Jogoo Road, na nadhani waliotuachia lugha walijua. Aliyeikata kamba hiyo hatamani hata chai.

Upande wa pili tuna mtu wa dhana mbaya, mwenye kisirani, mleta uchuro. Hao msiwachanganye na aliyekata tamaa. Mtu wa dhana mbaya atabishana nawe hadi usiku. Aliyekata tamaa atakwambia "sawa" na kugeukia ukutani.

Nimezaliwa hivi. Naweza kubadilika?

Kwa kiasi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu ya tabia hii hurithiwa, lakini iliyo kubwa zaidi hairithiwi.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwapiga mbwa mishtuko ya umeme. (Leo wasingeruhusiwa, na ni vizuri.) Kundi moja liliweza kuuzima umeme kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Jingine halikuwa na njia yoyote. Baadaye wote wakawekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Waliowahi kuuzima waliruka. Wengi wa wale wengine walilala chini wakilia. Hali hiyo ikaitwa unyonge wa kujifunza, na ikafundishwa hivyo karibu miaka hamsini.

Mwaka 2016 wawili haohao waliandika kwamba walikuwa wameishika hadithi kinyume. Kwa yale yaliyogunduliwa ndani ya ubongo, kulala chini ndiko kiumbe hufanya chenyewe kinapoumizwa kwa muda mrefu. Hakuna anayehitaji kufundishwa. Kinachofunzwa ni kwamba kuna kitu unaweza kukifanya na hali ikabadilika.

Mwanachama wetu mmoja alipoachishwa kazi Eneo la Viwanda alijifungia ndani wiki sita. Mawaidha alikuwa ameshapata ya kutosha kutoka kwa shemeji zake. Sisi tulimkabidhi viti 60 vya chama avikodishe. Siku ya kwanza alikosea hesabu, vikarudi 57. Siku ya pili alikuja kwangu saa moja asubuhi kudai ufunguo wa stoo.

Kwa nini kila mkopaji husema "mwisho wa mwezi"?

Kwa sababu anaamini, na huo ndio ugumu wake. Mwongo ningemjua.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979. Mtu akikadiria kazi itachukua muda gani, hutazama mpango alio nao kichwani. Hageuki nyuma kuona kazi kama hiyo ilimchukua muda gani mara zilizopita. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani ulikuwa siku 34. Na je, kila kitu kikiharibika kabisa? Siku 49. Walimaliza kwa siku 55 na kitu. Hebu ligeuzegeuze hilo: hata walipoombwa wawaze giza tupu, giza lao lilikuwa na mwanga kuliko ukweli wenyewe.

Nilipoyasoma hayo nilichora safu mbili kwenye daftari la mikopo. Ya kwanza, "Asemavyo". Ya pili, "Mara ya mwisho alilipa lini". Fundi mmoja wa kuchomelea mageti akaja. "Mama Hazina, andika Jumapili ijayo. Mteja amenihakikishia." Nikafungua kurasa za nyuma. Alikuwa amekopa mara tatu, akachelewa siku 19, siku 26 na siku 31. Nikamgeuzia daftari. Aliutazama ule ukurasa muda mrefu, akafuata mistari kwa kidole chenye masizi, akacheka.

"Lakini safari hii ni tofauti, mama."

Nikampa siku 26 juu ya Jumapili yake, bila maneno mengi. Alilipa siku ya 24, akatangazia kikao kizima kwamba amewahi.

Tangu hapo faini zimepungua. Watu ni walewale.

Mama mkwe anasema nikitaja mabaya najiletea uchuro. Ni kweli?

Mpe shikamoo yake, kisha yataje.

Kuna watu ambao kuhofia mapema ndiyo njia yao ya kufanya vizuri. Julie Norem na Nancy Cantor waliwachunguza mwaka 1986. Mtu wa namna hii, kabla ya mtihani au mahojiano ya kazi, huwaza kila kitakachoharibika, kisha hukiziba kimoja kimoja. Ukimtuliza, ukamwambia aache wasiwasi, hufanya vibaya zaidi. Ndugu zangu mnaopenda kuwaambia watu "relaksi", mnaweza kuwa mnaharibu kazi ya mtu.

Kwa kikundi ipo njia ya mtafiti Gary Klein: kabla ya kuanza mradi, jifanyeni mwaka umekwisha na mradi umekufa, kila mmoja aandike umekufa kwa nini. Tulifanya hivyo tulipotaka kununua hema la kukodisha. Karatasi tisa kati ya kumi na nne zilisema hema litaazimwa bure na jamaa zetu kwa harusi na matanga. Hakuna aliyekuwa tayari kulisema jambo hilo kwa mdomo, kwa sababu jamaa wenyewe walikuwa wameketi pale. Ndiyo maana mkataba wetu una kifungu cha jamaa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na sijasikia mtu akiwaita waleta uchuro. Anayetaja mabaya kisha akaenda kulala, huyo mama mkwe ana haki ya kumsema.

Nimebandika picha ya gari ukutani. Itasaidia?

Inategemea unafanya nini ukimaliza kuitazama. Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walifuatilia wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito, wakachapisha matokeo mwaka 1991. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi. Lakini wale ambao ndoto zao za mchana zilikuwa tamu mno, wanajiona tayari wembamba na vyakula vitamu haviwatingishi, walipungua kidogo kuliko wenzao. Ni ile tofauti ya kutarajia na kuota. Ukishaendesha gari kichwani, mwili hulegea kama umeshafika.

Chini ya picha bandika akiba ya kila wiki, na chini yake kitu kimoja kitakachokuzuia. Kwangu mimi kingekuwa jina la shemeji.

Wanaoishi kando ya mto huwa wanafikiri nini? Kila masika wanaonywa.

Swali hili huulizwa na watu wa ghorofani.

Lina ukweli kidogo, na ukweli huo unatuhusu sote. Mwaka 1980 Neil Weinstein aliwauliza wanafunzi wa chuo nchini Marekani walinganishe bahati yao na ya wenzao. Kwa jumla walijiona wana nafasi kubwa kuliko wengine ya kupata mema, na nafasi ndogo ya kufikwa na mabaya. Kundi zima haliwezi kuwa na bahati kuliko wastani wake lenyewe. Anayepanda boda bila helmeti hajisemei kwamba leo ataanguka. Wanaoanguka ni wengine.

Lakini Aprili 2024, mito ya Nairobi, Mathare na Ngong ilipofurika, nilikwenda kuwasaidia wanachama wetu wawili kuhamisha magodoro. Mmoja alikuwa amejiandaa tangu Machi. Sufuria zilikuwa ndani ya sufuria juu ya meza, meza ikiwa juu ya matofali. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto alivifunga ndani ya karatasi ya nailoni (ndiyo, zile zilizopigwa marufuku 2017, alikuwa ameitunza), akaitundika kwenye msumari karibu na dari. Niambie, huyo alidhani mafuriko ni ya wengine? Aliijua mvua ya masika kuliko mtangazaji wa habari. Alibaki kwa sababu kodi ya chumba kile ndiyo aliyoimudu, na kutoka pale hadi nyumba anazofulia nguo alitembea kwa miguu, bila nauli.

Wanasaikolojia hupenda kueleza kila jambo kwa yaliyo kichwani mwa mtu. Hapa nawapinga. Jibu la swali hili liko kwenye risiti ya kodi.

Kubeti ni matumaini?

Matumaini yapo, lakini ni ya mwenye kampuni, aliyeketi akapiga hesabu. Yako ni tamaa, ile yenye mauti nyuma. Chama chetu hakikopeshi kwa ajili ya hiyo.

Ni kweli wenye matumaini huishi miaka mingi zaidi?

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wauguzi wanawake karibu 70,000 na wanaume zaidi ya 1,400 waliowahi kuwa wanajeshi, wote wa Marekani. Walioongoza kwa matumaini waliishi, kwa wastani, asilimia 11 hadi 15 zaidi ya waliokuwa mkiani. Watafiti walijitahidi kuondoa athari ya magonjwa na mwenendo wa maisha. Hata hivyo, kufuatilia watu hakuthibitishi kipi kilileta kipi. Kupima presha bado ni lazima.

Baba watoto huona giza tu, mimi huona mwanga. Tutaishi vipi?

Gaweni kazi. Namjua dada mmoja ambaye ndiye huamua kwamba Desemba lazima waende ushago, hata pesa ziwe hazijaonekana. Mumewe hapingi tena. Yeye hukagua tairi, hubeba spana, galoni ya maji, na noti za dharura ndani ya soksi. Wamefika kila mwaka isipokuwa mmoja, ule ambao dada alimwambia, "Baba Nani, mwaka huu hebu amini tu," naye kwa kumpendeza akaacha spana nyumbani. Walilala njiani, Gilgil.

Mtoto wangu anasema yeye ni wa kufeli tu.

Sikiliza anavyolieleza kosa. Seligman hutazama mambo matatu: je, ni la daima au la leo? Ni la kila mahali au la somo hili? Ni yeye mzima, au ni kitu alichofanya? "Mimi ni mjinga" imebeba yote matatu kwa pigo moja. "Nilikosea ile ya kugawanya" ina mlango. Basi usimmwagie sifa za akili nyingi, hatakuamini. Rudieni hiyo ya kugawanya, moja tu, kabla ya kulala.

Na wazazi tuchunge midomo. Nilimsikia mama akimwambia mtoto "wewe ndivyo ulivyo siku zote" kwa sababu ya uji uliomwagika.

Nairobi ni jiji la wenye matumaini au la waliokata tamaa?

Tunaliita shamba la mawe, na tunaendelea kulilima.

Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 soko letu la Gikomba liliungua, watu 15 wakafa. Haikuwa mara ya kwanza kuungua wala ya mwisho. Majivu hayajapoa, watu walikuwa tayari wanapima vibanda vyao kwa kamba na kuchomeka vijiti. Mgeni angeandika kwamba ameona matumaini yasiyozimika. Mimi nilikuwa nimeshika ncha moja ya kamba, na najua nusu yake ilikuwa hofu: usipoweka kijiti leo, kesho utakuta mwingine amejenga kwako. Vitu hivyo viwili vilishika kamba moja na sikuweza kuvitenganisha.

Jirani na soko hilo, pale Kamukunji, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba tarehe 5 Juni 1977. Ndiyo mwanzo wa Green Belt Movement. Mwaka 1989 alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe Uhuru Park, akadhihakiwa hadi bungeni. Jengo halikujengwa. Watu humtaja kama mfano wa mtazamo chanya, na mimi huona wanampunguza. Mwaka ule aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa maofisa wa hapa na kwa waliotarajiwa kusaidia kutoka nje, kwa sababu aliona wazi kwamba akinyamaza bustani itakwenda. Anayeamini mambo yatajipa yenyewe haandiki barua.

Ni lini nisiseme tena kwamba ni tabia yake tu?

Huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi ulioharibika, chakula kisichoshuka, uchovu, kujiona huna thamani. Hapo ni sonona, ni ugonjwa, na unatibika. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mathari, Thika Road. "Jipe moyo" haimsaidii, kama isivyomsaidia mwenye malaria.

Akitaja kufa, usimwache peke yake, na mpeleke siku hiyohiyo. Hofu ya polisi isikuzuie: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Na wewe, Mama Hazina, uko upande gani?

Februari niliomba mkopo wa chama ninunue mabeli mawili. Hesabu zote hizi nilikuwa nazijua. Nikajaza mwenyewe safu ya "Asemavyo": tarehe 15 Aprili. Katibu akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akafungua kurasa za nyuma, akaniuliza mkopo wa mwaka 2022 niliumaliza lini. Nikamwambia mwaka ule mvua ilinivuruga, safari hii ni tofauti. Kikao kikaangua kicheko, fundi wa mageti akicheka kuliko wote.

Nililipa tarehe 9 Mei, na faini juu.